Ya Pili Iko Wapi

Mimi ni fundi wa viatu, Barani, Malindi,
ubavuni mwa duka la saruji.
Ngozi naijua kwa pua kabla ya macho.
Siku Tsuma Mwaringa aliponiwekea mezani
kitu kama kiganja cha jitu kilichoumwa na nyuki
nilidhani ni mfuko wa kubebea madafu.
"Glavu," akasema. "Ya besiboli."
Miaka kumi na mitatu, magoti makovu matupu,
na pesa, hata ya kunidanganyia, hana.
Nikaishona kwa uzi wa magunia.

Mwalimu Nyevu alimfundisha raundas na wasichana,
mvulana peke yake, akichekwa hadi sokoni.
Kiwanja chao Muyeye kilikuwa na matumbawe
yaliyochomoza kama magego.
Mpira ukigonga hapo, hujui:
huenda ukakujia kifuani,
huenda ukakupita sikioni kama tusi.
Akawekwa kati ya kituo cha pili na cha tatu
akajifunza kuinama.
Miaka minne,
kuinama tu.
"Fundi, mpira haukimbiliwi.
Unapokewa, kama mgeni aliyekuja na hasira."

Kisha Japani, ligi ya chini,
mji ambao jina lake hunikwama kwenye meno.
Akaniletea picha kwenye simu:
nyasi zimenyolewa, udongo umepigwa pasi.
Nikamjibu: huko utacheza umelala.

Mechi ya pili, mpira ukaja umenyooka,
bila hila, bila jiwe.
Naye alikuwa amejiandaa kwa jiwe.
Ukapita chini ya glavu, katikati ya miguu,
na watu elfu mbili wakashusha pumzi pamoja.
Usiku ule akapiga simu, sauti ndogo:
"Ardhi isiyodanganya, Fundi,
ndiyo iliyonidanganya."

Alicheza misimu tisa.
Hesabu zao sizijui, nilisoma ngozi.
Kila likizo alinipa glavu niikaze kamba,
nami naona: hapa, chini ya kidole cha shahada,
doa jeusi, laini kama kisogo cha mtoto;
hapo ndipo mpira ulipozoea kulala.
"Mimi ni mlinzi wa ndani," alikuwa akijisifu,
"wale wa nje wana nafasi ya kutazama mawingu."

Msimu wa sita doa likahama.
Sikuuliza. Mteja akianza kuchechemea
kisigino humtangulia kusema.
Bega, akakiri mwenyewe.
Wamemsogeza kituo cha kwanza,
mahali pa kupokea, si pa kurusha mbali.
Sijawahi kumsikia mtu akitamka "kwanza"
kwa unyonge namna ile.

Sasa yuko hapa, anaziba mabomba
kwenye nyumba za Waitaliano, kule Casuarina.
Hakuna aliyempokea kwa ngoma.
Vijana wa maskani wakamwuliza alifunga magoli mangapi.
Lakini juzi nilimpelekea spana, ikaniponyoka juu ya ngazi,
naye, mgongo kwangu, akanyoosha mkono wa kushoto
akaidaka kabla haijagusa vigae,
akaendelea kuzungumzia bei ya mabomba.

Glavu aliniletea mara ya mwisho mwezi wa Rajabu.
"Nishone wapi?"
"Usishone. Uza."
Nikaitundika msumarini, miongoni mwa viatu
ambavyo wenyewe walivisahau au walikufa.
Mwanamke wa Kisumu Ndogo aliitaka
awe anaepulia sufuria.
Mzee mmoja aliivaa kichwani, tukacheka.
Nimewatajia wote bei isiyolipika.

Na kila atakayeishika, lazima,
ataigeuza, atachungulia chini ya meza yangu,
atauliza kama wanavyouliza watu wa viatu:
"Ya pili iko wapi?"

Haikuwepo, nawaambia.
Mkono wa pili ulikuwa wa kurusha.